Kukusanyika kwa Kraftwerk

Watu wengi hudhani kuwa kundi la muziki wa elektroniki huundwa na mitambo, na ya kuwa watu ni nyongeza tu: hununuliwa sanduku lenye vibonyezo, hutafutwa mwenye kujua kulibonyeza, na tangu hapo muziki hujiendea wenyewe kama maji ya bomba. Dhana hii ina umri mrefu, na wenye kuishika si wajinga. Nimeisikia kwa wanafunzi wangu, nimeisikia kwa wakubwa wangu wa kazi, na nimeisikia kwa wazee wa Tanga wanaoikumbuka taarabu kabla ya vinanda vya umeme kuitawala katika miaka ya 1990. Walakini nikizitazama habari za kundi moja ambalo huitwa kundi la mitambo kuliko makundi yote, yaani Kraftwerk ya Düsseldorf, Ujerumani, naona jambo jingine kabisa. Kundi lile lilikusanyika polepole kwa muda wa miaka saba hivi, likipoteza watu na kupata watu, na kila mtambo uliingia mahali palipokwisha kuwa wazi. Na mwanachama wake wa maana kuliko wote, aliyechelewa sana kufika, hakuwa mtu wala mtambo. Alikuwa lugha.

Msomaji ana haki ya kuuliza mwalimu wa Kiswahili ana shughuli gani na habari hizi. Nilikaa Köln miaka minne nikisomea shahada ya udaktari. Mchana nilihesabu mizani za tenzi; usiku nilikuwa mgeni asiyejua vyema lugha ya wenyeji. Jirani yangu alikuwa na santuri moja aliyoipenda, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba. Wimbo wake mmoja ulikuwa mrefu mno, wapata dakika 22, wenye maneno machache mepesi yaliyorudiwa na kutamkwa wazi kama ya mwalimu wa darasa la kwanza. Hayo ndiyo maneno ya Kijerumani niliyoyafahamu mara ya kwanza bila ya kufungua kamusi. Nilipomwuliza jirani jina la wimbo, aliniandikia katika kipande cha bahasha: Autobahn, 1974. Tangu siku ile nilianza kusoma habari za watu wale, kwanza kwa udadisi, kisha kwa haja ya kazi yangu mwenyewe, kwa sababu nitakayoieleza.

Ralf Hütter alizaliwa Krefeld mwaka 1946, na Florian Schneider alizaliwa mwaka 1947. Walikuwa watoto wa nchi iliyoshindwa vita, iliyobomolewa kwa mabomu na kukaliwa na majeshi ya kigeni. Katika mambo yaliyoharibika, nyimbo ni moja. Utawala wa Hitler ulikuwa umezichukua nyimbo nyingi za wananchi na kuzifanya za gwaride, hata vijana waliozaliwa baadaye walisikia haya kuzitia midomoni. Redio za majeshi ziliwaletea nyimbo za Kimarekani na za Kiingereza, na kijana wa Kijerumani aliyetaka kuimba kwa namna mpya aliimba Kiingereza. Hapa mtu wa nchi iliyotawaliwa hujiona yu karibu nao, ila kwa upande wa pili. Sisi tulifundishwa kuwa lugha zetu zilikuwa na upungufu. Wao waliogopa kuwa yao ilikuwa na hatia. Matokeo yalifanana: mwimbaji alikwenda kuazima ulimi.

Mitambo yenyewe haikuwa na uhaba. Redio ya Köln ilianzisha studio ya muziki wa elektroniki mwaka 1951, chini ya Herbert Eimert. Mwaka 1956 Karlheinz Stockhausen alikamilisha hapo kazi yake iliyochanganya sauti ya mtoto wa kiume na milio iliyotengenezwa kwa umeme, na wataalamu wa dunia nzima wakasikiliza. Toka Köln hata Düsseldorf ni kilometa 40 hivi tu, na Hütter wakati huo alikuwa mtoto wa miaka kumi. Ikiwa mtambo ndio uundao kundi, Köln ingalikuwa na makundi tele kabla ya mwaka 1960. Haikuwa na hata moja. Iliyokuwa nayo ni kazi za mabingwa waliojifungia mmoja mmoja, wakakata mikanda ya sauti na kuiunganisha kwa subira ya mshona shanga, kisha wakaileta ukumbini na kuwasikilizisha watu kwa vipaza sauti, jukwaa likiwa tupu. Naziheshimu kazi hizo, ingawa nakiri kuwa nyingine hunichosha.

Hütter na Schneider walikutana mwaka 1968 wakiwa wanafunzi wa muziki. Schneider alipiga filimbi na Hütter alipiga vinanda. Walijiunga na wenzao watatu wakafanya kundi lililoitwa Organisation, na mwaka 1970 santuri yao ikatolewa Uingereza kwa jina la Tone Float. Angalia majina hayo: la kundi laweza kusomwa kwa Kijerumani au kwa Kiingereza, la santuri ni la Kiingereza kitupu. Santuri haikupata wanunuzi wa kutosha na kundi likavunjika. Wawili wale walibaki, na pamoja nao fundi wa kunasa sauti, Conny Plank, ambaye mkono wake umo katika santuri zao zote hata mwaka 1974, ijapokuwa wengi wanaozisifu hawamtaji.

Mwaka 1970 walijipatia chumba cha kazi katika mtaa wa Mintropstraße, karibu na stesheni kuu ya Düsseldorf, na kundi wakaliita Kraftwerk, maana yake kituo cha kufulia umeme. Chumba baadaye kilipata jina la Kling Klang. Mwanafunzi yeyote wa sarufi ataitambua mara moja kuwa hiyo ni tanakali, sawa na kengele zetu zinavyolia ngri-ngri na vyuma vyetu vinavyogongana kwa-kwa. Nilikwenda kuupata mtaa huo Jumamosi moja. Nilikuta jengo la kawaida lenye lango la kuingilia uani, katika mtaa wa watu wenye mizigo na haraka. Studio ilikuwa imehamia nje ya mji miaka michache kabla. Nilisimama dakika tano nikasikiliza magari moshi. Yasikika vizuri sana pale, na mtu asiyefika hapo aweza kudhani kuwa santuri yao ya mwaka 1977, ya safari ya garimoshi kukata Ulaya, ilitoka katika fikira tupu.

Sasa tazama namna watu walivyoingia na kutoka. Katika santuri ya kwanza, mwishoni mwa 1970, kundi lilikuwa na wapiga ngoma wawili waliopokezana, mmoja wao akiwa Klaus Dinger. Mwaka 1971 Hütter mwenyewe aliondoka kwa miezi kadha akarudi masomoni kwake, katika usanifu wa majengo. Schneider akabaki na Dinger na mpiga gitaa Michael Rother, wakaonekana katika televisheni wakipiga muziki mzito wenye nguvu, wala usingedhani kuwa ndio Kraftwerk tunayoijua. Walijaribu kurekodi santuri, haikuwa. Dinger na Rother wakaenda zao wakaanzisha kundi la Neu!, Hütter akarejea, na wawili wakawa tena wawili.

Hapo ndipo penye nukta ninayotaka msomaji aishike. Walikuwa hawana mpiga ngoma. Waliporekodi santuri ya pili, iliyotoka mwaka 1972, walikitumia kile kisanduku cha mapigo ambacho huambatana na kinanda cha umeme, kilichotengenezwa kwa ajili ya wapigaji wa peke yao katika mahoteli na nyumba za watu. Kisanduku hicho kilidharauliwa na kila mwanamuziki aliyejiheshimu. Basi, katika kundi hili mtambo haukumfukuza mpiga ngoma. Mpiga ngoma aliondoka kwa miguu yake, nafasi ikakaa wazi, na mtambo ukawekwa hapo kama vile jiwe huwekwa mahali pa kiti. Baadaye wakagundua kuwa jiwe lina ukaaji wake, na ya kuwa mtu akikaa juu yake mgongo hunyooka.

Sitaki kupamba habari hata nikafunika fedha. Baba yake Schneider, Paul Schneider-Esleben, alikuwa msanifu mashuhuri wa majengo. Jengo refu la Mannesmann lililo kando ya mto Rhine, lililokamilika mwaka 1958, ni kazi yake. Sinthesaiza ya Minimoog waliyoipata ilikuwa na bei ambayo Hütter amepata kuilinganisha na ya gari lake la Volkswagen. Vijana wa wavuja jasho wa Düsseldorf hawakuwa na uwezo wa kununua kitu cha namna hiyo na kukaa nacho miaka mitatu wakijaribu milio. Mwenye kusimulia ubunifu wa Kraftwerk bila ya kutaja kuwa walikuwa na wakati, na ya kuwa wakati wao ulikuwa na mtu wa kuulipia, amesimulia nusu ya hadithi.

Mwaka 1973 akaja Wolfgang Flür, mpiga ngoma aliyewahi kupiga pamoja na Rother katika kundi jingine la mji ule. Alikuta kisanduku cha mapigo kikimsubiri. Mtu mwingine angaligeuka akaondoka. Yeye, kwa kusaidiana nao, alishiriki kukifanya kile kisanduku kipigike: waliunda ubao wenye visahani vya chuma, na kila kisahani kilipoguswa kwa fimbo ya chuma umeme ulikamilisha njia yake na mlio ukatoka. Mwaka ule ule walionekana katika televisheni ya Ujerumani, Flür amesimama mbele ya ubao huo na fimbo zake nyembamba kama mtu apikaye sufuria nyingi kwa wakati mmoja. Nafasi iliyojazwa na mtambo ilirudishiwa mtu, na mtambo haukuondolewa. Sijui kama kuna tukio jingine katika historia yao lenye maana kubwa kuliko hili, isipokuwa lile lililofuata.

Lililofuata ni maneno. Mpaka mwaka 1973 kundi hili lilikuwa karibu bubu. Milio ilikuwapo, nyimbo hazikuwapo. Katika Autobahn waliamua kuimba, na waliamua kuimba Kijerumani. Maneno waliyatunga pamoja na rafiki yao mchoraji, Emil Schult. Na neno walilolichagua halikuwa safi. Autobahn ni barabara kuu ya magari, na ijapokuwa ile ya toka Köln hata Bonn ilifunguliwa mwaka 1932, kabla Hitler hajashika serikali, utawala wake ulizifanya barabara hizo kuwa fahari yake na kilemba chake. Vijana hawa wakalichukua neno lililoshikwa na mikono ile, wakaliosha kwa sauti ya gari la kawaida likienda safari ya kawaida mchana wa jua. Hawakulihutubia wala hawakuliombea radhi. Walilitamka tu, mara nyingi, mpaka likawa tena jina la barabara.

Walilitamka kwanza kwa chombo kiitwacho vokoda, na hapo mwalimu wa fonetiki hana budi kusimama kidogo. Chombo hiki kilivumbuliwa na Homer Dudley wa maabara za Bell, Marekani, katika miaka ya 1930, si kwa ajili ya muziki, bali kwa ajili ya simu, ili maneno yapite katika waya kwa nafasi ndogo. Huigawa sauti ya msemaji katika mafungu ya masafa, hupima nguvu ya kila fungu, kisha huzihamishia nguvu hizo katika sauti nyingine. Kwa hiyo kisikikacho ni umbo la kinywa cha mtu lililovishwa mlio wa mtambo. Irabu ni za mtu, konsonanti ni za mtu, koo ndilo la umeme. Wenye kusema kuwa Kraftwerk waliitoa sauti ya mwanadamu katika muziki hawakusikiliza. Waliitoa pumzi wakabakiza matamshi.

Wimbo ule ulifupishwa ukatiwa katika santuri ndogo, na mwaka 1975 ukafika namba 25 katika orodha ya Marekani na namba 11 katika ya Uingereza, ukiimbwa Kijerumani mbele ya wasikilizaji ambao wengi wao hawakujua Kijerumani. Kwa safari ya Marekani ya mwaka huo walihitaji mtu wa nne, wakampata Karl Bartos, mwanafunzi wa ngoma katika chuo cha muziki cha Düsseldorf. Hapo kundi lilitimia: Hütter, Schneider, Flür na Bartos, wanne ambao dunia inawakumbuka wakisimama safu moja, wamevaa suti na tai, wakijiita wafanyakazi wa muziki.

Jina hilo la wafanyakazi lina ukweli ambao pengine hawakuukusudia. Hütter na Schneider walikuwa wenye nyumba. Wengine wawili walikuwa wenye kulipwa. Jina la Bartos liliandikwa miongoni mwa watungaji tangu santuri ya mwaka 1978. Flür aliondoka katika miaka ya 1980, Bartos akaondoka mwaka 1990, na Schneider naye akatoka mwaka 2008. Alifariki mwaka 2020. Hütter aliendelea na jina. Miaka saba ya kukusanyika, kumi na kitu ya kukaa pamoja, kisha kutawanyika mmoja mmoja. Makundi mengi ya dansi ya kwetu yana hesabu isiyotofautiana sana na hiyo.

Nimesema kuwa nilizisoma habari hizi kwa haja ya kazi. Mwaka juzi wanafunzi wanne wa chuo chetu walinijia: wawili wa idara yangu, mmoja wa uhandisi, na mmoja wa sheria mwenye sauti nzuri. Walikuwa na kompyuta moja, kinanda kimoja kidogo na ngoma moja ya ngozi, wakataka kufanya kundi la muziki wa elektroniki kwa maneno ya Kiswahili. Kanuni zadai kila chama cha wanafunzi kiwe na mlezi miongoni mwa walimu, nami nikakubali. Shauri lilipofika katika mkutano wa idara, mwenzangu mmoja, mwalimu aliyenitangulia kwa umri na kwa elimu, alilipinga. Hakupinga kwa dharau. Alieleza kuwa mjomba wake alipiga fidla katika taarabu ya Tanga, na siku kinanda cha umeme kilipokuja aliambiwa kuwa milio ya fidla imo humo ndani. Alikufa fidla ikiwa chini ya kitanda. "Mtambo haumsikilizi mwimbaji," alisema, "na lugha isiyosikilizwa huenda ikakatwa ili itoshe katika sanduku."

Sikuwa na jibu la haraka kwa fidla ile, wala silo hata leo, ila hili: aliyemwondoa mjomba ni mwenye kundi aliyepiga hesabu ya mishahara, na kinanda kilikuwa kisingizio chake. Juu ya lugha kukatwa, nilikuwa na jibu. Mitambo ya kupanga mapigo ya zama za Kraftwerk, iitwayo sikwensa, aghalabu ilikuwa na hatua 8 au 16. Hatua ya mwisho ikifika, mtambo hurudi mwanzo. Nimefundisha arudhi zaidi ya miaka kumi, na msomaji wa jarida hili hahitaji kukumbushwa kuwa mshororo wa shairi letu una mizani 16, nane katika kila kipande. Msichana mmoja wa idara yangu alikwisha jaribu kabla ya mkutano: aliutia mshororo wake mwenyewe katika hatua 16, silabi moja katika kila hatua, na kina cha kati kikaangukia hatua ya 8, cha mwisho hatua ya 16, pasipo kukata wala kuunga. Nilimwita aonyeshe. Mwenzangu alisikiliza mara tatu. Alisema mkazo wa silabi ya pili toka mwisho umepotea, kwa maana mtambo hupiga hatua zote kwa nguvu moja, na alisema kweli. Mwanafunzi wa uhandisi akaongeza nguvu katika hatua ya 7 na ya 15. Mwenzangu akasikiliza tena, akatia sahihi, akatoka bila ya kusema neno.

Jambo la kwanza nililowaambia wale wanne halikuhusu mizani. Niliwaambia waandike katika karatasi nani mwenye kompyuta, nani mwenye maneno, nani mwenye kinanda, na kikipatikana kipato kitagawanywaje. Walicheka, kisha wakaandika. Karatasi ninayo mimi. Jina la kundi walilolichagua ni la Kiingereza. Juu ya hilo sikusema kitu, nikikumbuka jina la Tone Float, lakini nasubiri.

Mwezi wa Julai mpiga ngoma wao alimaliza masomo akarudi Lindi, ngoma yake mkononi. Wamekubaliana kutafuta mwingine mpaka Novemba. Wakimkosa, watatumia mapigo ya kompyuta. Mazoezi ni kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, katika darasa la ghorofa ya pili, na mlinzi ameagizwa asizime umeme kabla ya saa mbili.